Paa la boti: mwenye fedha wa Mollo ahesabu magunia kwanza

Mahindi na maharage yakishauzwa, fedha za Ufipa hazikai. Nyingine hurudi shambani kwa njia ya mbolea, nyingine huingia kwenye matofali na bati, na sehemu yake hushuka mteremko kwenda Ziwa Tanganyika kutafuta faida ya dagaa. Hivyo ndivyo mfanyabiashara wa Mollo, ambaye pengine hajalala hata usiku mmoja juu ya maji, anavyojikuta ana hisa katika boti ya mbao inayofanya kazi Kasanga, Wampembe au Kirando, karibu mita 1,000 chini ya usawa wa nyumba yake.

Baada ya mashine, kitu ambacho mwenye hisa wa aina hiyo hukitaka haraka ni paa. Sababu yake inaeleweka. Amewahi kupokea gunia la dagaa lililolowa njiani, akalifungua stoo na kukuta ukungu. Dagaa wa namna hiyo haendi tena Mbeya wala Tunduma kwa bei ya chakula cha binadamu. Anauzwa kwa mtengeneza chakula cha kuku, na bei huwa ya mnunuzi. Mtu aliyepata hasara hiyo mara mbili hahitaji kushawishiwa. Anaagiza fundi ajenge kibanda juu ya boti, chenye nguzo imara, mabati na kuta za mbao, na anahesabu kwamba amemaliza tatizo.

Kwa hakika amenunua tatizo jingine, tena la bei kubwa zaidi. Paa refu la kudumu juu ya boti ya wazi ni uwekezaji mbaya katika ziwa hili, na mwenye mtaji mdogo ndiye anayepaswa kuliogopa kuliko wengine, kwa kuwa boti moja ikipinduka hana nyingine ya kufidia. Paa linalofaa ni turubai la chini, linalofunika mzigo, na linaloweza kuondolewa kwa mkono mmoja kabla upepo haujafika. Si zuri kutazama. Wanunuzi wengi hulikataa kwa sababu hiyo tu.

Kabla ya kuzungumzia vitambaa na mabomba, ni lazima ijulikane boti ni ya kazi gani, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Boti inayovua dagaa hufanya kazi usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za nguvu ya jua. Samaki hufuata mwanga, wavu huinuliwa, na alfajiri chombo kiko ufukweni. Jua la mchana, ambalo ndilo huwafanya wengi wafikirie kivuli, halimkuti samaki ndani ya chombo. Juma linalozunguka mwezi mpevu mwanga wa taa haufui dafu na wavuvi wengi hupumzika. Juu ya hayo, pale panapotumika mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti na wavu katikati, paa lingesimama mahali hasa ambapo watu huvuta kamba. Kwa chombo cha namna hiyo jibu ni fupi: asinunue paa. Anunue makoti ya mvua kwa kila mvuvi, turubai dogo la kufunika betri na mafuta, na fedha iliyobaki aiweke kwenye wavu.

Boti ya mizigo ni habari nyingine. Hii ndiyo inayochukua dagaa waliokwisha kuanikwa kutoka vijiji vya mwambao wa Nkasi na Kalambo, ambako barabara ni ya shida wakati wa masika, na kuwapeleka mahali gari linapofika. Tangu barabara ya Sumbawanga, Matai hadi Kasanga iwekwe lami, safari ya nchi kavu upande huo imekuwa nyepesi, na sehemu dhaifu ya njia nzima imebaki kuwa yale masaa ya majini. Mvua za Rukwa huanza mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili. Kwa miezi hiyo sita gunia la dagaa mkavu linalosafiri bila kufunikwa ni bahati nasibu.

Hapa ndipo hesabu inapotakiwa ianze, na ifanywe kwa magunia, si kwa shilingi, kwa sababu bei ya dagaa hupanda na kushuka kila juma lakini uwiano wa turubai na gunia haubadiliki haraka hivyo. Mwenye boti aulize: turubai zuri pamoja na fremu yake ni sawa na magunia mangapi ya dagaa kwa bei ya siku hiyo? Tuseme ni manne. Aulize tena: msimu uliopita magunia mangapi yalilowa hadi kushushwa daraja, na kila moja lilipoteza sehemu gani ya bei? Yakiwa kumi na mawili, na kila moja lilipoteza nusu, hasara ni magunia sita. Turubai limejilipa ndani ya masika moja na kubakiza mawili. Hizo ni namba za mfano tu, kila mtu aweke zake. Kinachoshangaza ni jinsi watu wachache wanavyoziandika. Mfanyabiashara ambaye anajua kwa kichwa amepoteza debe ngapi za mahindi kwa wadudu, huulizwa habari ya dagaa walioloa akajibu "walikuwa wengi". Kwa jibu hilo hawezi kujua kama anunue turubai la magunia manne au kibanda cha magunia ishirini.

Sasa upepo, ambao hauonekani katika ankara ya fundi yeyote. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi hupuliza Ziwa Tanganyika kwa nguvu, na ncha ya kusini ya ziwa, ndiyo hii ya Kasanga, hupata sehemu yake kamili. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilometa 650 na limelala kaskazini hadi kusini, hivyo upepo unaofuata urefu wake una nafasi kubwa ya kuinua mawimbi. Katika masika upepo wa kusi hupungua, lakini dhoruba za radi huja ghafla, na hizo ndizo hukutana na boti ikiwa na paa juu.

Nguvu ya upepo juu ya ukuta si jambo la kubahatisha. Upepo wa kilometa 36 kwa saa, ambao mvuvi mzoefu hauiti hata dhoruba, husukuma kila mita moja ya mraba ya ukuta uliosimama kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 6. Kibanda chenye urefu wa mita 4 na kimo cha mita moja na nusu kina mita 6 za mraba kila ubavu. Huo ni msukumo wa karibu kilo 36. Mbao zinastahimili. Lakini upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu haiongezeki mara mbili, huongezeka mara nne. Kwa kilometa 72 kwa saa, kasi ambayo dhoruba huweza kuifikia kwa dakika chache, ukuta ule ule unabeba karibu kilo 150. Na msukumo huo hauko sakafuni. Uko juu ya kingo za boti, unavuta kama mtu aliyeshika ncha ya mpini mrefu, wakati wimbi nalo linainua ubavu huo huo.

Bati lenyewe lina deni lake. Bati la geji 28 lina uzito wa karibu kilo 3 kwa mita ya mraba, hivyo paa la mita 7 za mraba ni kilo 21 kabla ya mbao, misumari na nguzo, ambazo kwa kawaida huzidi bati lenyewe kwa uzito. Turubai la malori la kiasi hicho hicho halifiki kilo 6. Tofauti ya kilo 40 au 50 si kitu ikiwa ni magunia yaliyolala chini ya boti, kwani hayo huituliza. Ikiwa juu ya vichwa vya watu, kila boti inapolala upande, uzito huo nao hulala upande huo na kuisaidia kulala zaidi.

Muuza paa atasema kwamba turubai nalo lina hatari yake, na hapo anasema kweli. Maji ya mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, yaani kilo moja. Turubai lililolegea na kufanya bonde la sentimeta 5 katikati, lenye upana wa mita moja ya mraba, limebeba kilo 50 za maji. Kilo 50 hizo zingekuwa sakafuni ni kazi ya kopo na mtu mmoja kwa dakika chache. Zikiwa juu ni mzigo unaotembea, maana maji hayatulii, hukimbilia upande ulioinama. Ndiyo maana turubai la bapa, linalofungwa kamba kwenye miti minne kama banda la gulioni, ni karibu baya kama bati. Linatakiwa liwe na mgongo: fremu ya pinde, katikati juu, pande zote mbili zikishuka hadi kwenye kingo, maji yateremke yenyewe ziwani. Watu wa pwani waliijua kanuni hii zamani. Kitambaa kilichotandazwa juu ya jahazi waliita chandarua, kabla neno hilo halijahamia kitandani.

Kimo cha mgongo huo kiwe cha magunia, kisiwe cha mtu aliyesimama. Hapa ndipo mabishano hutokea kati ya mwenye fedha na nahodha, na mara nyingi mwenye fedha ndiye hushinda kwa sababu analipa. Anataka abiria wawili watatu waweze kukaa chini ya paa kwa raha, maana nauli nayo ni fedha. Lakini boti iliyonunuliwa kubeba dagaa ikianza kubeba watu ndani ya kibanda, imebadilika kazi, na sheria inaitazama kwa jicho jingine. TASAC, shirika lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017, ndilo linalosimamia usalama wa vyombo vya majini nchini, na mwenye boti anayetaka kuongeza kitu kizito juu ya chombo kilichokaguliwa bila kitu hicho anapaswa kumwona mkaguzi kabla ya kumwona seremala. Ni usumbufu, lakini ni usumbufu wa siku moja. Mapendekezo ya pamoja ya FAO, ILO na IMO juu ya vyombo vidogo vya uvuvi, yaliyotolewa kwa ajili ya vyombo vya chini ya mita 12 na vile visivyo na sitaha, nayo yanalichukulia suala la utulivu wa chombo kuwa msingi, si pambo.

Kuhusu kuta, pasiwe na mjadala mrefu. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, watu walinaswa ndani ya chombo kilichogeuka juu chini. Ile ilikuwa meli, na hapa inazungumzwa boti ya mbao, lakini kanuni haitazami ukubwa: chombo kikipinduka, kilichokuwa paa kinakuwa sakafu na kilichokuwa mlango kiko chini ya maji. Mtu aliyevaa jaketi okozi ndani ya kibanda kilichofungwa anasukumwa juu na jaketi lenyewe, hadi kwenye sakafu ya boti iliyo juu yake, na hapo hatoki. Turubai la mzigo halina mtu chini yake. Kama ni lazima mtu akae, basi pande mbili za mbele na nyuma zibaki wazi kabisa, bila pazia wala kamba za kukingama.

Katika vifaa, soko la Sumbawanga lina namna tatu zinazofaa kutajwa. Turubai jepesi la plastiki, lile la bluu linalouzwa limekunjwa kwenye mfuko, ni rahisi na huvutia. Jua la Ufipa na la ziwani hulikausha, likaanza kuchanika kwenye mikunjo na kwenye vile vishimo vyenye pete. Anayelinunua ahesabu kwamba atalinunua tena msimu ujao. Turubai la pamba ni imara na fundi yeyote hulishona, lakini hunywa maji, likiloa huwa zito, na likikunjwa bila kukauka huoza. La tatu ni turubai la malori, kitambaa kilichopakwa plastiki pande zote mbili. Ni ghali kuliko yote, ila ndilo lenye hesabu nzuri kwa boti ya mizigo. Mwenye mtaji mdogo anaweza kutafuta lililotumika: turubai la lori likichakaa katikati, kingo zake huwa bado nzima, na boti haihitaji ukubwa wa lori. Rangi nyeupe au ya fedha hupunguza joto juu ya magunia. Nyeusi huficha uchafu, na hiyo ndiyo sifa yake pekee.

Kwenye fremu kuna fedha ya kuokoa ambayo wengi hawaioni. Maelekezo mengi ya mapaa ya boti yameandikwa kwa ajili ya bahari, nayo husisitiza chuma kisichoshika kutu na alumini ya bei mbaya, kwa sababu chumvi hula kila kitu. Tanganyika ni maji baridi. Bomba la kawaida la maji lililopakwa zinki, likikunjwa upinde na fundi wa kuchomelea mjini Sumbawanga, linatosha kabisa, mradi sehemu iliyochomelewa ipakwe rangi. Hata fito za mkaratusi, ambazo Ufipa haina shida nazo, zinafaa kwa kuanzia. Zikivunjika katika upepo, hilo si kosa lao. Ni afadhali fito ivunjike kuliko boti ifuate paa.

Jambo linalotenganisha paa jema na baya ni namna lilivyofungwa. Lisipigiliwe msumari hata mmoja. Kila kamba iishie kwenye fundo la kitanzi linalofunguka kwa kuvuta ncha, na ncha zote ziwe upande wa tezi, karibu na mshika mashine, ili mtu aliyelowa na kutetemeka gizani asilazimike kutambaa hadi omo. Pinde ziingie kwenye vikombe vya bomba vilivyofungwa ndani ya kingo, zichomoke kwa kuinua. Hili halina gharama ya maana. Linahitaji tu fundi aambiwe tangu mwanzo, maana fundi wa nyumba hujenga kitu kisichotoka, ndiyo sifa ya kazi yake.

Kuna gharama nyingine ya paa refu ambayo hulipwa kidogo kidogo, nayo ni mafuta. Mashine inayosukuma boti dhidi ya upepo inasukuma pia ukuta wa kibanda, kila safari, mvua iwepo isiwepo. Katika miezi ya kusi hakuna mvua ya kuzuia. Anayeacha paa juu Juni na Julai analipia petroli ili kubeba mwavuli siku ya kiangazi.

Limebaki suala la nani alipe. Katika mgawo wa kawaida wa ziwani, mafuta na chakula huondolewa kwanza, ndipo kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na wafanyakazi wake. Baadhi ya wenye boti huliingiza turubai humo humo kwenye matumizi. Maana yake ni kwamba nahodha na vijana wake wanalipia sehemu ya mali ambayo si yao, inayolinda magunia ambayo si yao, huku wenyewe wakinyeshewa. Hilo si haki, na kwa mfanyabiashara ni upumbavu vilevile: mtu aliyekatwa fedha kwa turubai asilolitaka hatakuwa na haraka ya kulikunja na kulikausha. Turubai liwe mtaji wa mwenye boti, liandikwe pamoja na mashine na mbao. Wenye hisa waliochangia kupitia vikoba walipe kwa kadiri ya hisa zao. Na kutoka mfuko huo huo yatoke makoti ya mvua na majaketi okozi ya wafanyakazi. Mtu anayekaa usiku kucha amelowa huanza kukosea mahesabu ya mawimbi kabla gunia halijaanza kuota ukungu.

Katika makubaliano hayo hayo liandikwe neno moja zaidi: nahodha ndiye mwenye amri ya kulitoa paa, na magunia yakiloa kwa sababu hiyo hakatwi. Mwenye fedha wa Mollo huona sharti hili ni kumpa mtu ruhusa ya uzembe. Atazame upande wa pili. Nahodha anayeogopa kukatwa atasubiri dakika tano zaidi kuona kama wingu litapita.

Wakati wa kununua si Novemba. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano na nchi jirani zinazolizunguka ziwa, na boti nyingi zilivutwa mchangani kwa miezi mitatu. Kipindi kama hicho ndicho cha kupima pinde na kukata kitambaa bila haraka. Fundi wa maturubai mjini huwa na kazi ya malori wakati wote, lakini mvua zikikaribia kila mtu humkumbuka siku moja. Apelekewe vipimo vya boti yenyewe, si vya boti ya jirani. Kisha mwenye hisa ashuke Kasanga, amwambie nahodha alifunge na kulifungua paa hilo kwa mkono mmoja mbele yake, boti ikiwa majini, ndipo amlipe fundi salio.